Kifurushi na Lumbesa: Malalamiko ya Simu Katika Milima ya Upare

Kwa majuma kadhaa sasa, baada ya Misa na katika mikutano ya jumuiya ndogo ndogo, tumekuwa tukisikia manung'uniko yaleyale kutoka vinywa mbalimbali. Si ya mvua, wala ya bei ya tangawizi, ingawa hayo nayo hayakosekani katika nchi hii ya Upare. Ni ya simu. "Baba Paroko, nimeweka elfu moja asubuhi, mchana hamna kitu." "Baba, nimepiga dakika mbili tu, kifurushi kimekwisha." Wanaolalamika si wavivu wala wapenda anasa. Ni mama anayeuza ndizi stendi ya Same, ni mwalimu wa shule ya msingi aliyepangiwa kituo juu milimani, ni katekista ambaye lazima awapigie viongozi wa kigango kila Ijumaa. Tumeona vema juma hili tuliseme jambo hili kwa kirefu kidogo, kwa kuwa tunaamini malalamiko haya yana haki ndani yake, ingawa mara nyingi yanaelekezwa mahali pasipo penyewe.

Tuanze mbali kidogo. Wale walio na umri wetu wanakumbuka jinsi habari ilivyosafiri zamani kutoka Dar es Salaam hadi Mbaga, Chome au Vudee. Barua ilifika posta ya Same, ikakaa humo mpaka apatikane mtu anayepanda mlima. Habari za msiba zilitangazwa redioni, na ndugu wengi walifika wakati marehemu amekwisha zikwa. Simu za mkononi zilipoingia nchini katikati ya miaka ya 1990 na kampuni ya Mobitel, zilikuwa za matajiri wa mjini. Vodacom ilipoanza mwaka 2000 na Celtel mwaka 2001, mtandao ulifuata barabara kuu: Same, Makanya, Hedaru. Milimani watu walipanda kuutafuta. Kila kijiji kikawa na jiwe lake au mti wake, mahali palipojulikana kuwa "hapa panashika", na jioni ungewakuta watu wamesimama hapo mstari mmoja, kila mmoja akinyoosha mkono juu. Aliyekwenda pale hakwenda kupiga soga, kwa maana dakika ilikuwa ghali. Ndipo tukajifunza kubipu: mlio mmoja, "nimefika", milio miwili, "nipigie". Watu wetu walibuni lugha nzima isiyogharimu hata senti, na sisi hatuoni aibu kusema kwamba lugha hiyo ilitokana na ufukara.

Ujumbe mfupi ulikuwa mkombozi wa pili. Hapa inafaa tueleze jambo ambalo wengi hawalijui. Ujumbe wa maandishi katika simu hizi una nafasi ya herufi 160, nazo ni pamoja na nafasi tupu na alama za vituo. Ukubwa huo ulipangwa na mafundi wa Ulaya katika miaka ya 1980, wakitumia njia ambayo tayari ilikuwapo kwa ajili ya ishara za mtambo wenyewe, ile njia ambayo simu na mnara hutumia kusalimiana hata usipozungumza. Maana yake ni kwamba mzigo wa ujumbe mmoja juu ya mtandao ni mdogo mno ukilinganisha na sauti. Hata hivyo kwa miaka mingi tulilipia kila ujumbe kana kwamba ni kifurushi cha posta. Na ukivuka herufi 160 hata kwa moja, ujumbe hukatwa vipande, kila kipande herufi 153, nawe hulipia vipande viwili. Ukiweka humo alama moja tu ya uso unaocheka, nafasi hushuka hadi herufi 70, na salamu zako za Noeli zinaweza kuwa jumbe tatu bila wewe kujua. Vijana wakaanza kuandika "cjui" badala ya "sijui" na "xaxa" badala ya "sasa". Walimu wa Kiswahili walipiga kelele kweli, nasi tulipiga kelele pamoja nao. Lakini kwa haki tukumbuke kwamba desturi ile ilianza kwa kubana herufi ndani ya nafasi ya kulipia, ingawa hatuwezi kueleza "xaxa" imeokoa herufi gani.

Kisha kulikuwa na suala la mitandao kutozana. Mtu wa mtandao mmoja alipompigia wa mtandao mwingine, kampuni ya kwanza iliilipa ya pili kwa kila dakika. Kabla ya Machi 2013 malipo hayo yalikuwa shilingi 112 kwa dakika. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ikayashusha hadi shilingi 34.92, kisha mwaka 2018 hadi shilingi 15.60, na kwa hatua za mwaka hadi mwaka yakafika shilingi 2 mwaka 2022. Tunayataja haya kwa sababu yanatufundisha kitu. Kwa muda mrefu tuliambiwa kwamba kupiga mtandao mwingine ni ghali kwa asili yake, kama vile lami ilivyo ghali kuliko changarawe. Kumbe kiasi kikubwa cha ughali huo kilikuwa ni bei iliyopangwa na watu, na watu wakaipangua. Wakati huohuo, wananchi walikuwa wamejitafutia dawa yao: laini mbili, tatu, simu ya laini mbili, kava lililobana kadi nyingine nyuma ya betri. Mpaka leo, ukimwomba namba mkulima wa Mamba Miamba, atakuuliza kwanza, "Ya mtandao gani?" Mwishoni mwa mwaka 2024 laini zilizosajiliwa nchini zilikuwa zaidi ya milioni 80, katika nchi ambayo sensa ya mwaka 2022 iliihesabu kuwa na watu 61,741,120, wakiwamo watoto wachanga. Laini nyingi namna hiyo tusizihesabu zote kuwa ni maendeleo. Nyingine ni ushahidi wa watu wanaokimbia gharama.

Sasa tufike kwenye kifurushi, ambacho ndicho kiini cha manung'uniko ya leo.

Watu wa Upare wanaijua lumbesa. Gunia la tangawizi au viazi hujazwa mpaka mdomoni, kisha hushonewa juu yake kilemba, na mnunuzi hulipa bei ya gunia moja. Serikali imeikataza lumbesa, na Wakala wa Vipimo hupita masokoni kukagua mizani. Pamoja na udhaifu wote wa utekelezaji, mkulima anaona kwa macho yake kwamba gunia limezidi, naye anaweza kugombana. Anaweza hata kulifumua gunia na kulipima upya mbele ya mashahidi. Kifurushi cha intaneti ni lumbesa iliyogeuzwa: hapa anayeshindwa kuona kipimo ni mnunuzi. Nani kati yetu amewahi kuiona megabaiti? Mama anaambiwa amenunua MB 500, saa nne baadaye anaambiwa zimekwisha, na yeye anasema alifungua picha tatu tu za harusi ya mpwa wake. Huenda kweli simu yake, pasipo yeye kujua, ilikuwa ikisasisha programu zake, au ilipakua video zote zilizotumwa katika kundi la ukoo. Huenda mtambo ulihesabu sawasawa kabisa. Lakini hana mizani ya kumwonyesha, na aliyempimia ndiye huyohuyo aliyemuuzia. Katika biashara nyingine yoyote tungesema hiyo si haki hata kama muuzaji ni mwaminifu.

La pili ni muda. Ukinunua kilo ya sukari, hakuna mwenye duka anayekuja usiku wa manane kuchukua iliyobaki kopoani. Dakika na megabaiti huchukuliwa. Tunajua hoja ya wenye makampuni: kwamba mtandao ni kama basi, kiti kitupu cha leo hakiwezi kuuzwa kesho, na ndiyo maana kifurushi cha siku huuzwa kwa bei nafuu kuliko muda wa kawaida. Hoja hiyo ina uzito, hatuibezi. Lakini tutazame ni nani anayenunua cha siku na ni nani anayenunua cha mwezi. Mwenye mshahara hununua cha mwezi, tena kwa bei ndogo zaidi kwa kila MB. Kibarua wa mashamba ya mkonge kule tambarare, anayepata ujira wake jioni, hununua cha mia tano, na kesho tena, na keshokutwa tena. Mwisho wa mwezi amelipa zaidi kwa kupata kidogo, na kila usiku ameacha masalio mezani. Ndivyo ilivyo pia kwa mafuta ya taa ya kupima kwa kibaba na sabuni ya kukatwa kipande. Umaskini una kodi yake katika kila duka. Tofauti ni kwamba kipande cha sabuni hakiyeyuki chenyewe saa sita usiku.

Wasomaji watakumbuka yaliyotokea Aprili 2021. Tarehe 2 ya mwezi huo bei mpya za vifurushi zilianza kutumika chini ya kanuni mpya za TCRA, zilizoweka kiwango cha chini na cha juu cha bei ya MB moja, kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35. Watu walipoamka na kuona kifurushi walichokizoea kimepungua ghafla, kelele zilisikika nchi nzima, na Serikali ikasitisha bei hizo kwa haraka, zikarudi za zamani. Kilichosahaulika katika kelele zile ni kwamba ndani ya kanuni zilezile mlikuwa na mambo mema kwa mnunuzi. Kampuni ilitakiwa kumjulisha mteja kifurushi kinapotumika kwa asilimia 75 na kinapokwisha kabisa. Mteja aliwekewa njia ya kuendelea na masalio yake endapo atanunua tena kifurushi kilekile kabla muda haujakwisha, na ya kumhamishia mtu mwingine sehemu ya kifurushi chake ndani ya mtandao mmoja. Tumewauliza vijana wetu wa kwaya, ambao simu haiwatoki mkononi, ni wangapi wamewahi kuyatumia haya. Walitazamana. Haki ambayo mwenye nayo haijui haimsaidii kitu, na kuitangaza kwa maandishi madogo mwishoni mwa ukurasa wa Kiingereza si kuitangaza.

Tusimwache Kaisari nje ya hesabu. Katika kila shilingi elfu ya muda wa maongezi kuna Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, na kuna ushuru wa bidhaa kwa huduma za mawasiliano, ambao mwaka 2014 ulifikia asilimia 17 na haujashuka tangu hapo. Ukizijumlisha kodi hizo mbili, zaidi ya robo ya fedha anayotoa mwananchi haifiki kwenye mtandao hata kidogo. Mwaka 2013 ilipitishwa pia kodi ya shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila laini, bila kutazama kama laini hiyo ni ya mkurugenzi au ya bibi wa Vunta anayepigiwa tu na wanawe. Ikapingwa na kuondolewa. Kisha Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja. Ilipunguzwa Septemba mwaka huohuo, ikapunguzwa tena mwaka 2022, na tozo ya kutuma fedha ikafutwa katika bajeti ya mwaka 2023/24. Kwa hiyo anayesema kwamba makampuni peke yao ndiyo yanayomnyonya anasema nusu ya ukweli. Sisi hatupingi kodi. Barabara ya kupanda milimani haitajengwa kwa sala peke yake. Tunachosema ni kwamba mtoza kodi naye amejificha ndani ya kifurushi, na mnunuzi hana karatasi inayomwonyesha ni kiasi gani kilikwenda wapi.

Hapa tunawaomba Wapare wakumbuke historia yao wenyewe. Katika miaka ya 1940 utawala wa Kiingereza, kwa mikono ya watemi, ulileta kodi ya kukadiria kila mtu kwa mali yake, iliyopewa jina la mbiru. Januari 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani pande zote, wakaja kupiga kambi Same, mbele ya ofisi za wilaya, wakakataa kurudi makwao. Mgogoro ule uliendelea hadi mwaka 1946, na wanawake wa Usangi nao wakaingia kwa namna ambayo mabwana wakubwa hawakuisahau. Hatimaye kodi ile ikafutwa. Mwanahistoria Profesa Isaria Kimambo aliiandikia mbiru kitabu, nacho chafaa kuwemo katika kila maktaba ya sekondari wilayani humu. Linalotugusa sisi ni sababu. Wazee wale hawakuwa watu wa kukwepa kodi. Kodi ya kichwa walikuwa wakiilipa. Walichokikataa ni makadirio ambayo hakuna aliyeyaelewa: kwa nini huyu kiasi hiki na jirani yake kiasi kile, na ni nani aliyehesabu mbuzi. Ukiyasikiliza manung'uniko ya leo juu ya vifurushi kwa makini, utasikia sauti ya wale waliopiga kambi. Watu wetu huvumilia bei kubwa kuliko wanavyovumilia hesabu ya gizani.

Kwa upande mwingine, tuwatendee haki wenye minara. Mawimbi ya simu hupita kwa kunyooka, nayo hayapandi mlima na kuteremka upande wa pili kama mchungaji na mbuzi wake. Shengena yenye mita 2,462 na migongo yote inayoizunguka hukata mawimbi, hivi kwamba bonde moja linashika na la pili yake halina kitu. Mnara mmoja tambarare huhudumia watu wengi. Milimani mnara huohuo hulisha vijiji viwili vitatu, na vifaa vya kuusimamisha hupanda kwa njia ambayo masika huikata. Ndiyo sababu ilitungwa sheria ya mwaka 2006 ya kuanzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao hutoa ruzuku ili kampuni zijenge mahali ambapo biashara peke yake isingewapeleka. Mfuko huo ni jambo jema. Tungependa tu kwamba mnara uliojengwa kwa ruzuku ya umma uwe na mtu wa kuulizwa unapozimika siku tatu, kwa maana kifurushi cha siku saba hakisimami kungoja mnara uwake.

Kuna uovu mwingine mdogo, nao unatukera kuliko yote, pengine kwa kuwa sisi wenyewe tumeuonja. Ni zile huduma za nyongeza: nyota yako, matokeo ya mpira, dondoo za mapenzi, na hata neno la Mungu la kila siku, ambazo hukata shilingi mia au mia na hamsini kila asubuhi. Tulikuta kwamba laini yetu moja ilikuwa imeunganishwa na huduma ya namna hiyo ambayo hatukuiomba kamwe, na fedha zilikatwa kwa majuma kadhaa. Tulipopiga huduma kwa wateja tulisikiliza muziki muda mrefu, kisha binti mwenye adabu akatuambia kwamba "mfumo unaonyesha mlijiunga". Mfumo! Kampuni hatuitaji, maana tumesikia habari hizo kwa wateja wa kila mtandao. Tunawaza tu juu ya mzee asiyejua kusoma ujumbe wa kujitoa, ambaye anakatwa shilingi mia kila siku kwa mwaka mzima na kudhani ndivyo simu inavyokula. Na wale wanaouza Maandiko Matakatifu kwa njia hiyo, kwa watu ambao hawakuyaagiza, wana mengi ya kujibu.

Tunaomba nini, basi? Kwanza, masalio ya kifurushi yasife yenyewe; yaongezewe muda kila mteja anaponunua kifurushi chochote, hata kama cha kwanza kilikwisha muda wake jana, kwa sababu kibarua hununua anapopata fedha, si saa ya mtambo inapotaka. Pili, mteja akipiga namba fupi moja, iliyo sawa kwa mitandao yote, apate kwa Kiswahili rahisi maelezo ya mahali muda wake ulipokwenda: kiasi cha kupiga, kiasi cha intaneti, kiasi cha huduma za nyongeza, kiasi cha kodi. Tatu, huduma yoyote ya nyongeza isianze mpaka mteja aandike mwenyewe kuikubali, na ukimya usihesabiwe kuwa ndiyo. Na kuhusu kipimo chenyewe, tungefurahi kuona TCRA ikitangaza hadharani matokeo ya ukaguzi wa hesabu za MB, kama vile mizani ya sokoni inavyogongwa muhuri ukaonekana na kila mtu.

Mpaka hayo yatakapotimia, tusikae tukilia tu. Aliyekatwa isivyo haki aanze kwa kampuni yenyewe na adai namba ya lalamiko lake. Asiporidhika aende TCRA, na lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo liliundwa kwa sheria ya mwaka 2003 mahsusi kwa ajili yetu sisi tunaolipa. Anayetumiwa ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" aupeleke kwenye namba 15040, asibishane na tapeli kwa gharama yake mwenyewe. Tangu Machi 2017 mtu anaweza pia kuhama mtandao bila kuibadili namba yake. Vijana wa kwaya wamekubali kukaa nje ya kanisa Dominika mbili zijazo, baada ya Misa ya kwanza, kuwasaidia wazee kuzima upakuaji wa video na kujitoa katika huduma wasizozitaka. Karatasi yenye maelezo haya yote itabandikwa ubaoni, na nakala zitapelekwa kwa makatekista wa vigango vya juu, kwa pikipiki.